Saa ya Ugiriki Kwenye Kamera ya Mpangaji Wetu

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na vyumba sita. Katika chumba cha mwisho, upande wa uani, aliishi mpangaji ambaye kwa miaka mingi sikuwahi kumwona amekaa chini. Chai alikunywa amesimama. Chakula alikula amesimama mlangoni, sahani mkono wa kushoto, macho njiani. Ukimletea kigoda alisema, "Weka hapo, mwanangu, nakuja," na kigoda kilibaki peke yake mpaka jioni mama alipokirudisha ndani.

Mama alimwita mpangaji wetu. Mtaani walimwita mama wa video. Mimi nilimwita shangazi, ingawa hatukuwa na undugu. Jina lake nalijua ila silitaji, kwa sababu hakupenda jambo lake lolote liwekwe mahali likabaki. Alikotoka sikuuliza. Nilikuwa binti wa kuona haya, nimemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani nadarizi foronya, na maswali mengi niliyokuwa nayo wakati ule ninayo hadi leo. Yeye alinibatiza Kimya. "We Kimya, njoo unishikie waya huu. Usiseme kitu, najua husemi."

Kazi yake ilikuwa kupiga mikanda ya harusi upande wa wanawake. Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi, deki za video ziliingia hata kwenye nyumba ambazo bado zilichota maji kwa jirani, na kila mwenye harusi akataka mkanda. Wapiga video wanaume walikuwapo, lakini mwanamume haingii chumba alimo bi harusi na wenziwe wamevua mabaibui. Mpangaji wetu aliingia. Alijifunga kanga kiunoni, akaipandisha kamera begani, na wanawake wakamsahau wakacheza.

Kamera ile alitumiwa na mwanawe, mtoto wake wa pekee. Kijana yule alizamia meli pale bandarini, akajificha ndani na wenzake wawili, akaibukia Ugiriki. Huko alipaka rangi meli na kubeba mizigo, bila makaratasi na bila anwani, leo analala hapa na kesho pale. Barua isingemfikia. Kilichokuwepo ni simu. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, Mchaga mmoja tuliyemwita Mangi kama wanavyoitwa wenzake wote, alikuwa na simu ofisini kwake, na kijana alipiga hapo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi jioni. Mangi alizima mashine ili mama yake asikie. Wateja tulisubiri na mahindi yetu kimya, vumbi la unga likitua taratibu juu ya vichwa, na sauti yake ikatoka ofisini kwa nguvu, kana kwamba Ugiriki ni ng'ambo ya barabara: "Umekula? Nasema, umekula?"

Kamera ililetwa na baharia mmoja aliyerudi likizo. Ilikuwa kubwa, ya kumeza mkanda mzima, na chini kwenye pembe ya picha iliandika tarehe na saa kwa tarakimu nyeupe. Tarakimu zilikuwa za kizungu, lakini kila mtu alijua kuzisoma: ikiandika nne, wewe unasema saa kumi. Mwanawe alikuwa ameiweka saa kwa mkono wake kabla hajaifunga kwenye boksi. Mama yake akaapa kwamba haitaguswa.

Mwanzoni hakuna aliyeona tatizo, kwa maana ilikuwa miezi ya joto huko, na miezi hiyo saa ya Ugiriki na saa ya Dar es Salaam ni moja. Kisha ikafika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi. Mama wa video alisimama kwa Mangi toka adhuhuri. Saa kumi ikapita, simu kimya. Akazunguka ofisi, akazunguka mashine, akatoka nje, akarudi. Mangi akamwambia, "Mama, utanitobolea sakafu." Saa kumi na moja kamili simu ikalia.

"Kwa nini umechelewa?" alipiga kelele.

Tulisikia anacheka kicheko cha kutokuamini.

"Wamerudisha saa nyuma? Nani kawaruhusu? Saa ni kuku, urudishe bandani?"

Kijana alimweleza, na jioni ile yeye akatueleza sisi uani, akitembea huku na huku. Kwamba huko, jua likianza kuchelewa kuzama, serikali inasogeza saa mbele ili watu wapate mwanga. Baridi ikija wanairudisha. Mbele ni Jumapili ya mwisho ya Machi, nyuma ni Jumapili ya mwisho ya Septemba. Mama yangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Sie jua letu linakuja palepale linaondoka palepale. Shukuru."

"Nashukuru. Lakini mwanangu hayuko kwenye jua letu."

Tangu hapo ikawa ada ya nyumba yetu mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi, baada ya chai, alitoa kamera uani, akaiweka juu ya jiwe la kufulia lililokaushwa vizuri, akachomoa kibanio kutoka kwenye nywele, na kwa ncha yake akabonyeza kitufe kidogo kilichofichwa ubavuni. Kubonyeza mara moja tu, saa inaruka mbele. "Tumekutana," alisema, na siku hiyo alituimbia tukiwa tunafua. Septemba ilikuwa kazi nyingine. Kitufe kile kilijua kwenda mbele tu. Ili arudi nyuma saa moja ilimbidi azungushe siku nzima, mchana wote na usiku wote, mpaka aifikie ile saa kwa upande wa nyuma. Mkono ukiteleza akapitiliza, anaanza upya. Wapangaji wengine walisimama kumtazama na kumtania.

"Mama wa video, umefika wapi?"

"Alfajiri."

"Tupikie basi uji!"

"Niacheni, nitapitiliza!"

Akimaliza alisema, "Tumeachana," akaifunika kamera kwa kanga. Miezi iliyofuata, mpaka Machi, hakuwa mtu wa kukaa naye. Alifagia ua uliokwisha fagiliwa. Aliniuliza saa ngapi, nikamjibu, akatoa saa moja kwa vidole, akaenda zake, akarudi kuuliza tena. Mama alishindwa kuvumilia siku moja.

"Saa moja tu, dada yangu! Mtu kaondoka miaka, unalilia saa moja?"

Alijibu akiwa tayari ameshafika mlangoni. "Hiyo miaka siwezi kuisogeza. Saa naiweza."

Kwa hiyo miezi ile ya baridi ya huko, mikanda ya huku ilikuwa na saa ya uongo. Wenye harusi walilalamika. Kwenye nyumba moja kubwa ya Msasani, dada wa bwana harusi alimwambia kwa adabu kabisa, "Shangazi, kamera yako saa yake imebaki nyuma, nikurekebishie?" Akaisogeza kamera begani kama mtu anayemtoa mtoto mkononi mwa mgeni. "Iache ilivyo. Haijaharibika." Neno hilo, iache ilivyo, tulilisikia mara nyingi hata watoto wa mtaa wakawa wanaliigiza.

Kulikuwa na ile harusi ya Kinondoni ambayo mama yangu aliisimulia mpaka machozi yakamtoka. Upande wa bwana harusi walitakiwa kufika saa tisa, wakafika saa kumi. Somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, alikuwa ameshafunga mlango wa chumba, kama ilivyo desturi, na kuufungua lazima wageni watoe kanga. Akawapigia kelele kutoka ndani.

"Saa tisa ya kwenu ndiyo hii? Mlango huu leo haufunguki kwa doti moja. Leteni mbili!"

Wakabishana, wakaimbiana mafumbo, mwishowe wakatoa doti mbili. Wiki iliyofuata mkanda ukawekwa kwenye deki, pande zote mbili zimekaa sebuleni, na pembeni mwa picha ya wageni wakishuka kwenye gari inasomeka saa tisa na dakika mbili. Shangazi wa bwana harusi aliruka. "Mnaona? Mnaona nyie? Mkanda umesema! Kanga yetu irudi!"

Somo akamgeukia mpiga mkanda, aliyekuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake. "We mama, hebu sema ukweli wako."

"Ongezeni saa moja."

"Tuongeze wapi?"

"Hapo kwenye saa. Hiyo ya Ugiriki."

"Harusi ilikuwa Kinondoni! Ugiriki imeingiaje?"

Alisema ana safari, akatoka. Kanga ile, nasikia, ilikatwa katikati, kila upande ukachukua kipande, na mpaka leo wakwe wale hawapikiani.

Mikanda yake haikuwa mizuri, niseme kweli. Alipenda kinachokwenda. Mtu aliyekaa kwenye kiti hakumshughulisha, hata kama ni bi harusi mwenyewe. Nusu ya mkanda utaona miguu ya watu wanaoingia, mikono inayopitisha sahani, mtoto anayekimbizwa, pindo la gauni linalopotea kwenye kona. Watu walimlaumu, halafu binti mwingine akiolewa wakamwita tena. Nafikiri ni kwa sababu ukiutazama mkanda wake unakuta vitu ambavyo siku ya harusi hukuviona. Mimi nilijiona kwenye mmoja, nimesimama nyuma ya pazia natazama wenzangu wakicheza, na mguu wangu mmoja unacheza peke yake.

Yeye mwenyewe hayumo kwenye picha hata moja. Nilimwomba mara moja, kwa sauti ndogo, aniruhusu nimpige picha kwa kamera ya dukani. "Nikisimama mie mbele, nyuma anabaki nani?" akasema.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu aliyeishi kwa saa ya kamera alichelewa kwenye shughuli zote za dunia isipokuwa simu. Na ukitaja kuzamia meli mbele yake aliwaka. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikuja kumwomba ushauri, amesikia kwamba mtoto wake kafanikiwa. Alimfukuza kwa mwiko wenye ugali. "Mama yako kakukosea nini? Nenda kauze hata maji ya barafu!" Jioni nikamwona amemsimamisha yuleyule kijana kwenye kona, amemshika mkono wa shati, anamuuliza kwa sauti ya chini: "Meli gani? Inapita Ugiriki? Ukimwona, mwambie nimeshona ile suruali."

Suruali hiyo niliiona. Ilikuwa ya mvulana wa miaka kumi na saba.

Sasa nieleze Jumapili ile.

Alikuwa ameshairudisha saa Septemba, kama miaka yote. Tulimtania, akazunguka siku nzima kwa kibanio chake, akasema tumeachana. Ikaingia Oktoba, Jumapili ya kwanza, naye alikuwa na harusi Mikocheni. Kwa kawaida siku ya simu hakuchukua kazi, ila hii ilikuwa ya mtoto wa mtu aliyemtendea wema. Akapiga hesabu zake. Simu itakuja saa kumi ya kamera, yaani saa kumi na moja yetu. Atapiga mkanda mpaka saa nane na nusu ya kamera, halafu aondoke. Jicho lake lilikuwa ndani ya kamera mchana kutwa, na kamera ikamwambia bado.

Mimi nilikuwa kwa Mangi na debe la mahindi. Saa kumi yetu, kamili, simu ikalia.

Mangi alizima mashine, akapokea. "Hajafika. Si unapigaga saa kumi na moja miezi hii? ... Eh? ... Subiri, subiri." Akaangaza watu wote waliokuwepo, akaniona. "We binti si wa nyumba moja na mama yake? Njoo uzungumze, mie simwelewi."

Sikuwa nimewahi kushika simu. Ilikuwa nzito na ina unga. Niliweka sikioni na kitu cha kwanza kilichotoka mdomoni kilikuwa shikamoo.

Alicheka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kijana wa Temeke. "Marahaba. We nani?"

"Kimya," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hilo na si jina langu.

"Haya Kimya, nisikilize, sina muda. Mama yuko wapi?"

"Harusini."

"Mwambie meli inatoka kesho, nimepata kazi ndani, safari hii sijajificha. Tunakwenda Amerika. Huku Ugiriki sirudi tena. Nikifika nitapiga, Jumapili ileile, saa ileile. Umeshika?"

Nikasema nimeshika. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, na nililiona limesimama mbele yangu, lakini simu ikakatika.

Mama wa video alifika zaidi ya nusu saa baadaye, anakimbia, kamera begani, kanga imemvuka kichwani. Alikuwa na uso wa furaha. Alidhani kawahi.

"Bado?" akamuuliza Mangi.

Mangi alinitazama mimi. Nilimpa maneno yote, moja baada ya jingine, kama nilivyoyashika. Aliyasikiliza huku anaitazama saa ya ukutani ya Mangi, halafu saa ya kamera, halafu ya ukutani.

"Saa ileile," akasema. "Ya wapi?"

Ndilo lililokuwa swali.

Ilipita kama mwezi na nusu ndipo yule baharia aliyeleta kamera alipokuja likizo tena, akapita kutusalimu. Alikunywa chai, akasikia habari, akapiga paja. "Aa, mama! Mwaka huu wamebadilisha. Hawarudishi tena Septemba, wanarudisha Oktoba mwishoni. Nchi zote za kule wamekubaliana."

Hapo ndipo nilipomwona amekaa. Alikaa juu ya lile jiwe la kufulia, lililokuwa na maji, na hakujali.

"Wamekubaliana," akasema. "Na mie hawakuniambia."

Mama yangu, mtu wa kutania, siku ile alikwenda akakaa pembeni yake kwenye maji yaleyale.

Baada ya hapo hakukaa tena. Jumapili ya kwanza ya mwezi alishinda kwa Mangi kutwa nzima, kwa sababu hakujua aisubiri saa ya wapi. Mtu mmoja akamwambia Amerika ni kubwa, ina saa nyingi, upande huu wameamka na ule bado wamelala. Mwingine akamwambia saa kumi jioni ya kule inaweza kuwa usiku mkubwa wa hapa. Hilo lilimuumiza kuliko yote, kwa sababu usiku mashine inafungwa. Alimwomba Mangi alale ofisini.

"Mama, watu watasema nini? Mie nina mke."

Akafanya urafiki na mlinzi, mzee wa Kigogo aliyelinda mashine na duka la jirani. Alimpelekea chai na vitumbua, akamfundisha: ikilia, usiogope, vunja hata dirisha, pokea, mwambie asikate, uje mbio. Mlinzi aliitika. "Nitakuja, mama. Hata kama mwizi yumo ndani, namwambia angoje."

Mwezi ukapita, ukaja mwingine, na mwaka.

Siku moja jirani alituita kutazama mkanda wa harusi ya dada yake, uliopigwa na mpangaji wetu. Nilitazama pembeni, kwa mazoea. Bi harusi anatoka saa kumi na robo, na kweli alitoka saa kumi na robo, nilikuwepo. Ilikuwa mwezi wa kwanza. Ilipasa isome saa tisa na robo.

"Angalau kamera yake kaitengeneza," alisema jirani. "Sasa mkanda unaeleweka."

Mama akasema, "Kapona."

Nilitoka nje. Sikuweza kukaa nikitazama zile tarakimu sahihi.

Mwisho wa Machi ulipofika hakutoa kamera uani. Tulifua nguo zetu na hakuna aliyeimba.

Mama aliuza nyumba ya Temeke miaka michache baadaye, akajenga Chanika, ambako wakati ule ulikuwa bado unaweza kulima muhogo nyuma ya nyumba. Alimwambia mpangaji wetu aje, chumba kipo, tena cha bure. Alikataa huku akimsaidia kufunga vyombo.

"Simu haihami, dada."

"Miaka yote hii?"

"Yeye ana namba moja tu kichwani. Nikiondoka mie, itamlilia nani?"

Akapanga chumba kingine, nyuma kabisa ya mashine ya Mangi, na kutoka dirishani aliweza kusikia simu, mashine ikizimwa. Tulimwacha barabarani amesimama. Sijui kama alitupungia mkono, maana aliangalia upande wa kwa Mangi.

Nilimwona tena siku ya harusi yangu mwenyewe. Ilikuwa baada ya Idi, Jumapili ya kwanza ya mwezi, na sikutarajia atakuja siku kama hiyo. Wenzangu walikuwa wameshanipamba, hina imekauka, nimekalishwa juu ya mkeka na mtandio usoni, na nimeonywa na somo wangu: macho chini, usitazame watu, usicheke, bi harusi hacheki. Mimi kwa kutocheka sikuhitaji kuonywa.

Nikaisikia sauti yake kabla sijamwona. "Pisheni, pisheni, mie si mgeni." Kisha miguu yake mbele ya mkeka, ndala za bluu, haitulii. Alikuwa amekonda. Kamera ilikuwa ileile, imefungwa kwa utepe mweusi ubavuni.

Wifi yangu mtarajiwa, dada wa mume wangu, mwenye sauti ya kuongoza watu, alichungulia kwenye kioo kidogo cha kamera. "Mama, saa yako mbona inasema saa kumi na mbili asubuhi? Sasa hivi saa nane mchana, jua utosini!"

"Iache ilivyo," alisema mama wa video. "Haijaharibika."

Niliinua macho, somo akanifinya, sikujali. Alikuwa amepiga goti moja mbele yangu, kitu ambacho katika kazi yake hakufanyaga, jicho moja ndani ya kamera na jingine, lililo wazi, linanitazama mimi.

"Shangazi," nikanong'ona. "Kapiga?"

"Kapiga. Mwezi uliopita. Yule mzee kavunja dirisha kweli, kaja mbio na kiatu kimoja." Alizungumza bila kuitoa kamera usoni. "Huko ndiyo kwanza kunapambazuka. Sasa hivi anaamka. Leo tena atapiga, usiku, Mangi kanipa ufunguo."

"Anaendeleaje?"

"Kaniuliza, yule Kimya yupo? Nikamwambia anaolewa. Inua uso basi, nimwekee."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka meno yote nje, mbele ya wakwe, na hina yangu mikononi, na somo wangu akasema astaghafiru.

Alipiga mkanda mpaka alasiri. Pilau ilipopakuliwa mama alimwekea sahani na kigoda. "Weka hapo, dada, nakuja," akasema, na hakurudi. Simu ilikuwa ya usiku wa manane na jua lilikuwa bado kali, lakini toka Jumapili ile ya Mikocheni hakuwa tena mtu wa kupiga hesabu za kuwahi. Aliondoka tu.

Mkanda nautazama hadi leo, pale deki ya wifi inapokubali. Kila anayeuona kwa mara ya kwanza anauliza mambo mawili: saa hii imekuwaje, na bi harusi anacheka nini. Mume wangu alitaka kuupeleka kwa fundi wa Kariakoo afute zile tarakimu. Nikamwambia auache ulivyo. Alishangaa, maana ilikuwa mara ya kwanza mimi kumkatalia jambo.

Mwishoni kabisa kuna kipande ambacho si cha harusi. Alisahau kuizima. Picha imelala ubavu, unaona mchanga wa Chanika unapita haraka, majani ya muhogo, pindo la kanga, ndala ya bluu inaingia na kutoka. Unasikia pumzi yake, anatembea kwa kasi kwenda kituoni. Pembeni kunasomeka saa mbili asubuhi. Halafu miguu inasimama mbele ya miguu mingine, ya mwanamume mwenye viatu vya ngozi na mfuko wa karatasi, na sauti ya shangazi inasikika karibu sana, kama yuko chumbani.

"Samahani, baba. Nakuona mtu umesoma. Hivi huko Amerika nako wanasogezaga saa?"

"Saa?"

"Ndiyo. Mbele na nyuma. Maana Machi hiyo inakuja, baba, na safari hii nataka niambiwe mapema."